Nukta ya Kona ya Juu

Fundi wa senema hakuwa mtu wa kukutazama usoni. Ukisema naye, macho yake huyapandisha juu ya kichwa chako, upande wake wa kulia, yakaganda pale kama kuna mtu wa tatu amesimama nyuma yako. Mara ya kwanza niligeuka. Palikuwa na ukuta tu. Na si mimi peke yangu, Malindi yote ya wakati wetu ilikuwa ikigeuka. Wako waliosema ana jini wake, wako waliosema ni dharau, na marehemu Bi Rehema Bakari, muuza vitumbua aliyekuwa jirani yetu, alisema mtu anayetazama juu ya kichwa chako anakupima sanda.

Jina lake ninalo. Majina hayanipotei, wote waliokaa benchi letu la senema nawajua wao, na mama zao, na waliowaoa. Lakini la Fundi sitalitia hapa. Kwetu ukitaja jina la mwanamume na la mwanamke katika usemi mmoja umeshawaoza nusu, na la mwanamke sina budi kulitaja, maana ni mdogo wangu, Zuhura. Fundi ametuma neno kuwa anamtaka. Zuhura ni mtu mzima, si mwari wa kuamuliwa, na walii wake ni Athmani, mtoto wa marehemu kaka yetu, anayekaa Kilifi. Ila wote watatu wanajua kuwa bila kauli yangu jambo hili halivuki uani. Na kauli yangu niliizuia, kwa sababu iko shutuma ya zamani juu ya wawili hawa ambayo haikupata kuwa kweli wala haikupata kuwa uongo. Basi nikawa namkusanya Fundi kidogo kidogo, kama mtu anayechagua mchele, nione mawe ni mangapi.

Chumba chake kilikuwa juu, nyuma ya watu, kwa ngazi ya chuma iliyopita nje. Ukutani mlikuwa na vidirisha vya ukubwa wa kitabu, na humo ndimo mwanga ulimotoka. Ndani mlikuwa na mashine mbili zimesimama bega kwa bega kama ng'ombe zizini. Niliziona kwa macho yangu siku niliyompelekea chakula mwenye nyumba ya senema, na mlango wa juu ulikuwa umeachwa wazi kwa joto. Mwanga wa siku zile ulikuwa moto hasa: vijiti viwili vya makaa vimeelekezwa ncha kwa ncha, vinawaka baina yao hata huwezi kuvitazama. Fundi alipanda na shati jeupe lililopigwa pasi, akashuka limemganda mgongoni. Tena alifukiza udi. Watu wakauliza, udi wa nini chumba cha mashine? Mwenyewe alisema ni kwa ajili ya harufu ya makaa. Huenda. Lakini mtu anayejifukizia udi peke yake gizani, na mchana anatazama juu ya vichwa vya wenzake, usiwalaumu wenye kudhani.

Jambo jingine, alidai hazijui hadithi za senema zake. Kila senema iliyoingia Malindi ilipita mikononi mwake, na bado alikuwa akisimama penye karai la Bi Rehema asubuhi kumuuliza kama yule mwenye masharubu alikufa au aliponea. Bi Rehema akamwambia, "Wewe si ndiwe uliyemwonyesha?" Akajibu, "Nilionyesha. Sikutazama." Tulicheka sana, na hatukuamini. Mtu anaishi kisimani halafu akwambie hana kiu?

Na alikuwa na wema wa kukuchanganya. Wanawake wa mbali wakichelewa, aliwangoja. Mwenye nyumba atapiga kelele chini, wanaume wa mlangoni watagonga ukuta, Fundi hatawasha mpaka amwone wa mwisho ameketi. Ukimshukuru kesho yake, anakupita kama nguzo. Mimi wema usiotaka shukrani hunitia wasiwasi kuliko ubaya, maana ubaya unaujua unakotaka kwenda.

Hapo tena barazani penye kahawa alisema neno lililomfuata miaka. Alisema hakuna picha inayotembea. Mkanda una vipicha vidogo, vyote vimesimama. Mashine inavuta kimoja, inakituliza, mwanga unapita. Kisha kibati kinachozunguka mbele ya mwanga, yeye alikiita kope, kinafumba ili usione kipicha kikivutwa. Kope ikifumbua, kipo kingine. "Karibu nusu ya senema mnakaa gizani," akasema, "na hamjui." Mzee Kahindi Karisa, aliyekuwa akileta mboga kutoka Sabaki na hakosi senema, neno hilo lilimwingia vibaya. Alitaka kujua hiyo nusu ya giza ni ya nani. Mara iliyofuata alikaa mstari wa mbele, akawa anapepesa macho kinyume cha mashine ili aikute imefumba. Alitoka kichwa kinamuuma, akaapa kuwa giza ameliona, tena mna watu ndani yake.

Wanaume walimcheka Kahindi. Mimi sikumcheka. Nilisema moyoni, mtu anayekiri mbele za watu kuwa kazi yake ni kutufumba macho, atashindwaje kutufumba kwa jambo jingine?

Sasa nukta. Jumatano alasiri ilikuwa senema ya wanawake. Tulikwenda na mabuibui yetu na karanga zetu, tukalia, tukacheka, na mwanamume hapakuwa ila yule mmoja wa juu. Zuhura alikuwa ameolewa na Salim Bwanaheri, muuza vitambaa, na Salim hakumwacha atoke peke yake. Alifuatana na wifi yake, Mwanahamisi, dada wa Salim. Mwanahamisi alikuwa na macho ya kunguru. Yeye ndiye aliyeona kuwa kila baada ya muda, juu kwenye kona ya kulia ya kitambaa cha senema, huchomoza nukta, duara dogo tu, ikaonekana kwa kufumba na kufumbua, ikatoweka. Punde si punde, ya pili. Na akaona kuwa nukta zikipita, Zuhura hugeuza shingo akatazama nyuma, kwenye vile vidirisha.

Akampelekea kaka yake habari: mkeo anaandikiwa. Neno lilikuwa hilo, anaandikiwa, na mji wetu ukalipenda, ukalitembeza mlango kwa mlango. Salim hakuwa mjinga. Alikwenda mwenyewe senema ya wanaume kuhakikisha, na nukta akaikuta pale pale. Mtu mwingine angesema, basi, kumbe ni ya kila siku. Salim alisema, tazameni ujasiri wa huyu bwana, hata mbele ya wanaume anaiacha alama yake. Akatoa talaka.

Wazee wakamwita Fundi. Nilikuwa nyuma ya pazia, nilisikia yote. Aliulizwa nukta ni ya nini, akasema ni ya kazi. Kazi ya nani? Ya mashine. Mzee mmoja akamuuliza kama mashine imepita chuoni hata ijue kusoma, na baraza ikaangua kicheko. Fundi akainuka, akavaa viatu vyake, akaenda zake bila kuaga, na tangu siku ile hakumjibu mtu juu ya hilo. Nilikaa na swali langu. Mtu safi huinuka akaondoka? Na mtu mchafu, si ndiye angebaki akaapa mpaka povu limtoke?

Zuhura akaja kwangu na sanduku lake, na yupo hadi leo. Mwanahamisi nilipomkuta sokoni nilimwambia mbele ya watu kuwa anayeona madoa kila mahali akaoshe macho kwanza. Nilimpigania mdogo wangu kwenye harusi, kwenye matanga, mpaka watu wakachoka kulitaja mbele yangu. Lakini ndani ya nyumba, nilimuuliza. Ulikuwa ukigeuka kutazama nini? Jibu lake lilikuwa moja: mwanga. Vumbi lilivyokuwa likicheza ndani ya mwanga. Nikaamini, kwa kuwa ni mdogo wangu. Posa nyingine zilikuja, akazikataa, na sababu hakunipa. Fundi naye alioa Kaloleni, Bi Kadzo, mwanamke mpole, wakakaa vizuri mpaka alipofariki, Mungu amrehemu.

Nyumba ya senema ilifungwa ikawa ghala, mashine zikaenda na wanunua vyuma. Nilidhani Fundi naye ndio kwisha kwake. Kumbe alinunua projekta, hii ya siku hizi inayokaa mezani kama redio, akawa anaikodisha kutoka Malindi hadi Matsangoni, leo mpira, kesho video ya harusi. Na anayeitukana kuliko watu wote ni yeye anayekula kwayo. Atakufungia kitambaa, atawasha, picha itatoka safi kama maji ya mtungi, halafu atakunong'oneza usiiamini.

Nilimkuta nayo Matsangoni, harusi ya mjukuu wa Bi Rehema, ukumbini mchana, mapazia yamefungwa. Nikamuuliza mkanda uko wapi. Akasema hakuna mkanda. Ndani mna kidude cha ukubwa wa ukucha, na juu yake vioo vidogo visivyohesabika, kila kioo na chembe yake moja ya picha, na kila kimoja kinajigeuza, mara kinauelekea mwanga, mara kinaupa mgongo. Nikamwambia vioo vinavyojigeuza vyenyewe sivitaki karibu na bibi harusi. "Ni umeme, Bi Mkubwa," akasema, macho juu ya kilemba changu.

Kilichomuudhi ni kuwa haipepesi. Mkanda, alisema, ulikuwa na pumzi, unafumba unafumbua. Hii, picha inakaa kitambaani mpaka nyingine ije iipindue, haiachi hata upenyo wa giza wa jicho kupumzika. Na kisichopepesa, kwetu sisi, ni nyoka na samaki na maiti. Kisha akaniambia nisimame mbele ya mwanga nipunge vidole upesi. Nikapunga. Vivuli vya vidole vyangu vikaacha kingo nyekundu, na kijani, na buluu, kama mtu aliyevichovya rangini.

"Umeona?" akasema. "Nyeupe hii si nyeupe. Inatupa nyekundu, kijani, buluu, moja nyuma ya nyingine, na jicho lako ndilo linalokoroga. Mashine yangu ilidanganya kwa giza. Hii inadanganya kwa rangi."

Nikamuuliza kati ya waongo wawili yeye anamtaka yupi. Akasema anamtaka anayechakaa. Mkanda ulioonyeshwa sana ulipata mikwaruzo, wenyewe wakiita mvua, na ukiiona mvua unajua wengi wamepita kabla yako. Hii mpya, mara ya mia ni sawa na ya kwanza, na Fundi hana imani na kitu kisichoonyesha nani amekishika. Hapo nilikubaliana naye, na kukubaliana naye hakukunipendeza.

Baada ya video ya harusi vijana wakataka tuwekewe wazee senema ya Kihindi ya zamani. Fundi akaiweka. Tuko katikati, mara, juu, kona ya kulia, nukta. Ile ile. Ilikuwa imenakiliwa pamoja na kila kitu, kama chawa aliyesafiri na nguo. Fundi alikuwa ameketi kando ya meza, mikono mapajani. Mkono wake wa kulia ukaruka peke yake, ukakamata hewa, kama mtu anayetafuta komeo la mlango uliokwisha bomolewa. Na Mwanahamisi alikuwapo, anatembelea mkongojo sasa, macho ni yale yale. Akainua kidevu kuelekea kitambaani, akasema kwa sauti ya kufika benchi la tatu, "Bado anaandika."

Wanawake wa rika letu wakacheka chini ya mitandio. Zuhura hakucheka, wala hakugeuka nyuma. Alitazama mikono yake mpaka taa zikawashwa.

Siku chache baadaye ndipo Fundi alipotuma neno. Sasa nipimieni nyinyi. Nikikubali, mji utasema Salim Bwanaheri, aliye kaburini, alikuwa na haki, na mimi nilipiga kelele miaka yote kumtetea mwenye makosa. Nikikataa, Zuhura atakaa nami mpaka mmoja amzike mwenzake, kwa sababu ya alama ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Athmani alipiga simu kutoka Kilifi kuniuliza wasemeje. Nikamwambia wasiseme kitu.

Fundi alikuja mwenyewe, Jumapili, alasiri imeshaswaliwa. Alipiga hodi, akaingia barazani na kifurushi cha halua, akanisalimu kwa salamu zote, ya afya, ya nyumba, ya waliokufa. Halua nikaipokea nikaiweka kabatini bila kuifungua, kwa kuwa halua inalainisha ulimi na mimi nilitaka ulimi mkavu. Zuhura alikuwa ndani, nyuma ya pazia, anachambua mbaazi. Nilizisikia zikianguka kwenye sinia, kisha zikaacha kuanguka.

"Nimekuja kwa ajili ya Zuhura," akasema. Hakuzunguka.

Nikammiminia kahawa. Nikamuuliza lile ambalo sikupata kumuuliza kwa mdomo wangu, nukta ile ilikuwa ya nani. Nilitegemea atainuka kama alivyoinuka kwa wazee. Hakuinuka. Alisema senema moja haitoshi kwenye gurudumu moja la mkanda, imegawanywa, ndiyo maana mashine zilikuwa mbili. Gurudumu la kwanza likikaribia kwisha, waliotengeneza senema wametia nukta pale juu. Ikitokea ya kwanza, fundi anaiamsha mashine ya pili ianze kuzunguka. Ikitokea ya pili, anafunga hii na kufungua ile, kwa mpigo mmoja, na mwanga unahama dirisha. Ukifanya vizuri, hakuna anayejua. Ukipitwa na nukta, mkanda unaisha, na watu wanabaki wanatazama kitambaa kitupu.

"Mbona wazee hukuwaambia hivyo?"

"Waliuliza kama mashine inasoma, wakacheka. Nilikuwa na damu ya moto. Nilipopoa niliona Salim ameshaacha, na nikisema, nitakuwa namtetea mwanamke aliyeachwa kwa ajili yangu. Wangeuliza kwa nini namtetea."

Hilo niliona lina uzito. Mtu akikupa jibu lenye uzito, ligeuze uone chini yake.

"Basi na Zuhura akigeuka," nikasema, "wewe ulikuwa ukimtazama?"

"Nilikuwa nikitazama kona. Kazi yangu haikuwa na macho ya kutazama wanawake, Bi Mkubwa. Lau ningemtazama yeye, kitambaa kingekuwa cheupe, na mji mzima ungejua."

Alisema kwa fahari, kifua mbele. Nikamjazia kikombe, polepole, na nilipokuwa nikimimina ikanijia Jumatano ile, ya mwisho kabla ya talaka. Bi Rehema alikuwa kulia kwangu. Mwanahamisi mbele yetu. Zuhura mwisho wa benchi, karibu na njia, ameliteremsha buibui mabegani kwa joto. Mwanamke wa senema alikuwa anajitwisha mtungi, na hakuufikisha kichwani. Kitambaa kilikuwa cheupe pe, na sisi tukabaki tunatazamana kwa mwanga ule kama watu waliofumaniwa. Bi Rehema alivua kiatu akagonga benchi.

"Fundi," nikamwambia, "Jumatano ya mwisho, kitambaa kilikuwa cheupe."

Alikiweka kikombe chini.

"Mara moja tu, Bi Mkubwa," akasema. "Miaka yote ile, mara moja."

Nyuma ya pazia Zuhura akasema, "Mbili."

Nilikaa. Nukta haikuwa ya mtu, hilo sasa nalijua, na Mwanahamisi alikosa. Na vilevile hakukosa. Nilimtafuta wa kumkasirikia, nikakuta wazee wawili, mmoja nyuma ya pazia, na mimi wa tatu, na kahawa inapoa.

Nikamwambia Zuhura atoke aje akae hapa ninapomwona. Nikamwambia Fundi kuwa Athmani yuko Kilifi, aende kwake na wazee wa haja, mchana kweupe, kwa mlango wa mbele, watu wamwone, na Mwanahamisi awe wa kwanza. Zuhura akatoka na sinia lake la mbaazi, akaketi. Nikakivuta kiti changu, nikakiweka kati yao.